Zilizoongezwa, Vilivyoongezwa

Mzaha wenyewe ni huu. Panda anaingia mgahawani, anaagiza chakula, anakula, halafu anachomoa bastola, anafyatua risasi hewani na kuelekea mlangoni. Mhudumu anamuuliza kulikoni. Panda anamtupia kitabu cha wanyama kilichohaririwa ovyo na kumwambia atafute ukurasa unaomhusu. Kwenye ukurasa huo, baada ya neno "eats", mtu ameweka koma isiyotakiwa. Sentensi iliyokusudia kusema kwamba panda hula machipukizi na majani sasa inasema kwamba panda hula, hupiga risasi, kisha huondoka zake.

Niliusimulia mbele ya kidato cha tatu, Shinyanga mjini, mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha Kiingereza. Nilikuwa nimeuandaa tangu jana yake, hadi sauti ya mhudumu. Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja wa dawati la mbele, nadhani kwa kunionea huruma, akauliza, "Sasa mwalimu, bastola aliitoa wapi?" Hapo ndipo darasa likacheka.

Imenichukua miaka kukubali kwamba darasa lile halikuwa zito. Mzaha huu unaishi ndani ya Kiingereza tu. Kiingereza kilikwisha kuvua sehemu kubwa ya viambishi vyake karne nyingi zilizopita, na "s" moja ya mwisho wa neno inaweza kuwa ya wingi wa nomino au ya kitenzi cha mtu mmoja. "Shoots" ni machipukizi au ni anafyatua. "Leaves" ni majani au ni anaondoka. Neno lenyewe halisemi ni la ukoo gani, na anayeamua ni koma. Kwetu neno linatoka nyumbani limeshavaa sare. Machipukizi yana ma- yao, anayefyatua ana a- yake, na huwezi kuwachanganya hata ukiandika ukurasa mzima bila alama. Washairi wa zamani wa pwani waliandika tenzi za mamia ya beti kwa herufi za Kiarabu bila koma za namna hii. Vipande vilitengwa, na mizani na vina vikafanya kazi iliyobaki. Hatukuwa na njaa ya koma. Tuliletewa, tukaambiwa ni adabu.

Mzaha wa panda ndio uliokipa jina kitabu cha Lynne Truss, mwandishi wa Uingereza, *Eats, Shoots & Leaves*, kilichotoka mwaka 2003 na kuuzwa kwa mamilioni. Nakala yangu niliinunua Mwanza kwa muuza vitabu vya mitumba, ikiwa na jina la mwenyewe wa kwanza limekwanguliwa kwa wembe. Nimeisoma mara tatu. Ni kitabu cha kuchekesha na kinafundisha vizuri, na nimeiba mifano mingi humo kwa ajili ya ubao wangu. Lakini nina ugomvi nacho, na si ule wa Louis Menand, mhakiki wa *The New Yorker*, ambaye mwaka 2004 alikaa akahesabu makosa ya alama ndani ya kitabu kinachokemea makosa ya alama. Huo ni ugomvi wa watu wa nyumba moja.

Ugomvi wangu ni kuhusu nani anachekwa. Truss anatembea mitaani kwao akiwa na hasira, na anaowakuta na hatia ni wauza mboga, wachora mabango, watu wa sinema walioacha ritifaa. Nasi tuliosoma tumemwiga bila hata kumsoma. Pita barabara ya kutoka Kahama kupitia Kakola hadi Geita, hesabu mabango. "MENS SALOON". "GODS PLAN HARD WARE". "WELL COME". Tunayapiga picha, tunayatuma kwenye makundi ya simu, tunaweka vile vikatuni vya kulia kwa kicheko. Nimefanya hivyo mwenyewe, tena nikiwa nimekaa ndani ya saluni hiyohiyo nikinyolewa. Ritifaa iliyokosekana pale nje haikumkata mtu sikio. Kinyozi yule anaweza kuacha alama zote duniani na bado kila apitaye akajua ndani kunafanyika nini, kwa shilingi ngapi.

Na kama ni ritifaa, watu wa huku tuna ya kwetu, na ina kazi nzito kuliko ile ya kumilikisha. Inakaa kwenye ng'ombe. Inakaa kwenye majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng'w-, ambapo bila alama hiyo jina linabaki mwiba mdomoni. Nimewahi kufundisha kijana ambaye cheti chake kimoja kina ritifaa na kingine hakina, kwa sababu mtambo wa mahali fulani uliikataa ukidhani ni kosa la uchapaji. Alizunguka miezi minne kuthibitisha kwamba yeye na yeye ni mtu mmoja. Truss ana sura nzima juu ya ritifaa. Simlaumu kwa kutoijua hii, ila nilipokuwa naisoma sura ile nilikuwa namfikiria kijana yule kwenye foleni.

Kuna mahali pamoja ambapo kitabu kinanikamata kweli, napo ni kabla hakijaanza. Truss amekitabaruku kwa wapiga chapa wa Urusi waliogoma mwaka 1905 wakidai walipwe kwa kila alama ya uandishi kama walivyolipwa kwa kila herufi. Wale hawakuichukulia koma kuwa adabu. Koma ilikuwa kipande cha risasi kinachookotwa kwa vidole na kupangwa mahali pake, na kazi ni kazi. Natamani kitabu kizima kingeandikwa kutokea hapo.

Mimi nilifundishwa kwamba mkato ni mahali pa kuvuta pumzi. Darasa la sita, mwalimu akipiga meza kwa rula: nukta, pumzika mpaka mbili, mkato, pumzika mpaka moja. Kwa kusoma kwa sauti haikuwa mbaya. Kwa Kiingereza cha karatasi ni balaa, kwa sababu humo koma huwekwa ili kuonyesha nani yumo na nani hayumo, na pumzi yako haihusiki.

Nilipohamia Geita niliandika ubaoni sentensi mbili:

"The miners who had no licences were removed."

"The miners, who had no licences, were removed."

Nikauliza tofauti. "Mwalimu, ya pili ina kupumzika," wakasema. Sawa, na nini kingine? Kimya. Nikawaeleza kwamba ya kwanza inachagua: kati ya wachimbaji, walioondolewa ni wale tu wasio na leseni. Ya pili haichagui. Inasema wachimbaji wote waliondolewa, na kwa kupitia mlango wa nyuma inaongeza kwamba wote hawakuwa na leseni. Kijana mmoja, ambaye kaka yake hushuka kwenye maduara upande wa Nyarugusu, akasimama.

"Kaka yangu yuko kwenye kikundi chenye leseni. Kwenye ya kwanza amebaki?"

"Amebaki."

"Kwenye ya pili ametolewa?"

"Ametolewa, na ameitwa mvamizi."

"Na maneno ni yaleyale."

Akakaa, akaichora ile koma upya kwenye daftari lake, kubwa kama kiluwiluwi.

Hapa siwezi kujigamba kwamba Kiswahili kimetuokoa. "Wachimbaji wasiokuwa na leseni" ni wazi, lakini mtu akiandika "wachimbaji ambao hawakuwa na leseni" tunategemea koma kama wao, na magazeti yetu huiweka au kuiacha kwa kadiri mhariri alivyoamka. Tofauti ni kwamba mtoto wa Geita anayesoma habari ya Kiswahili anaweza kuuliza. Akisoma ya Kiingereza anadhani amepumzishwa tu.

Na karatasi za huku kwa sehemu kubwa ni za Kiingereza. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu ukaanza uzalishaji mwaka 2001, Buzwagi ukafuata mwaka 2009, na pamoja nao zikaja leseni, mikataba na ripoti nene za mazingira katika lugha ambayo wenye mashamba hawaisomi. Mwaka 2017, usafirishaji wa mchanga wa dhahabu ulipozuiwa, nchi nzima ilijifunza neno makinikia, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kupitia upya masharti hasi katika mikataba ya maliasili. Tulijadili asilimia na mabilioni hadi usiku wa manane. Sikumbuki mtu yeyote kijiweni akiuliza sharti hasi linaandikwaje. Linaandikwa kwa sentensi, ndugu zangu, na mara nyingi sentensi hiyo haina kosa la tahajia hata moja.

Nitoe mfano wa mbali kwanza. Roger Casement, yule balozi mdogo wa Uingereza ambaye ripoti yake ya mwaka 1904 ilifichua ukatili wa biashara ya mpira Kongo, alinyongwa London mwaka 1916 kwa uhaini. Wakili wake alishikilia kwamba sheria ya uhaini ya mwaka 1351, ikisomwa vizuri, haikugusa matendo yaliyofanyika nje ya himaya. Yote yalitegemea kama maneno ya mwisho wa kifungu yamefungwa na yale ya mbele yake au yamekatwa nayo. Majaji wawili walikwenda kutazama ngozi yenyewe ya kale kwenye hifadhi ya nyaraka, wakitafuta alama. Tangu hapo husemwa kwamba Casement alinyongwa kwa koma.

Wa kwangu ni mdogo zaidi. Hakuna aliyenyongwa.

Mzee mmoja, baba wa mwanafunzi wangu wa zamani, alikuja nyumbani Jumamosi na baiskeli, bahasha ya kaki ikiwa ndani ya shati. Nikamwamkia, akaitikia, akakataa chai. "Mwalimu, nisomee hii kwa Kiswahili. Ila usinisomee ya kunifurahisha." Eneo lake lilikuwa linachukuliwa, na aliyelitaka alikuwa ameleta karatasi ya masharti ya fidia, kurasa mbili. Nilisoma hadi nikafika hapa:

"Crops, trees and houses added after the date of valuation will not be compensated."

Nilikuwa nimeshaanza kumwambia kwamba chochote alichoongeza baada ya siku ya uthamini hakitalipwa, jambo la haki kabisa, maana kuna watu husikia mgodi unakuja wakapanda miche usiku. Nikasita. Nikamwita mwenzangu wa nyumba ya pili, naye anafundisha Kiingereza. Tukabishana saa nzima. "Added" inashika nini? Ikishika vitu vyote vitatu, mzee yuko salama. Ikishika nyumba peke yake, basi sentensi inasema mazao hayalipwi, miti hailipwi, ya lini iwayo, na katika nyumba ni zile mpya tu zisizolipwa. Mzee alikuwa na miembe kumi na moja iliyopandwa na baba yake.

Kuna kanuni ya usomaji wa sheria kwa Kiingereza inayosema kifungu cha sifa hushika neno la mwisho lililo karibu nacho, isipokuwa kama kimetengwa kwa koma. Koma ikiwapo, hiyo ni dalili kwamba sifa inarudi kwa wote. Kanuni hiyo haimfungi hakimu, na mwenye akili timamu ataangalia na mambo mengine. Lakini wakili anayelipwa vizuri anaweza kuisimamisha mahakamani na ikasimama. Kwenye karatasi ya mzee baada ya "houses" hapakuwa na koma.

"Kwa hiyo miti yangu imo au haimo?" akauliza.

"Mzee, inategemea koma."

Akanitazama kwa muda. "Na hiyo mnaiuza shilingi ngapi?"

Nilimweleza habari ya madereva wa maziwa wa Marekani, na nadhani ndiyo siku pekee nimewahi kuisimulia ikamsisimua mtu. Sheria ya jimbo la Maine iliwanyima malipo ya saa za ziada watu wa kazi fulani za chakula: kusindika, kuhifadhi, kugandisha, kukausha na nyingine, hadi mwisho wa orodha, ambapo palikuwa na kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza. Kabla ya "au" hapakuwa na koma. Kampuni ya Oakhurst Dairy ikasema kusambaza ni kazi inayojitegemea, hivyo madereva hawadai kitu. Madereva wakasema hapana, hapo inatajwa kazi moja tu, ya kufungasha, iwe mzigo wa kusafirishwa au wa kusambazwa, nao hawafungashi. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona sheria ile ina utata, na utata ukawafaa madereva. Mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.

Jambo lililonivutia mimi liko ndani zaidi. Madereva walionyesha pia kwamba kazi zote kwenye orodha zilikuwa na mwisho mmoja, ule wa "-ing", ila maneno mawili ya mwisho yalikuwa nomino tupu. Kwa Kiswahili tungesema zote zilianza na ku-, halafu ghafla yakatokea usafirishaji na usambazaji. Mtoto wa darasa la nne angesikia kwamba mguu umebadilika. Waingereza wamebakiza vipande vichache vya sare, na hata hivyo vipande hivyo vilisaidia kuamua kesi. Bunge la Maine baadaye liliandika upya orodha ile, likaweka nukta mkato kati ya kazi na kazi, na nomino ya kusambaza likaivalisha "-ing" kama wenzake.

Tukamwandikia mzee barua ya kuomba masharti yaletwe kwa Kiswahili. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama za Tanzania, ingawa karatasi ya watu wawili wanaokubaliana si sheria na inaweza kuandikwa kwa lugha yoyote. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Mzee hakuja kwangu kwanza. Alisomewa na mjukuu wake chini ya mwembe, na alipofika nyumbani alikuwa tayari amekasirika.

"Mwalimu, hawa wamesema nyumba. Miti yangu wameiacha wapi?"

Nikasoma: "Mazao, miti na nyumba zilizoongezwa baada ya tarehe ya uthamini havitalipiwa fidia."

Alikuwa amesikia. Mtu aliyeishia darasa la nne alisikia kwa sikio lake, mara moja, kitu ambacho walimu wawili wa Kiingereza walikuwa wamekibishania saa nzima kwa kalamu. Havitalipiwa ni vyote vitatu. Zilizoongezwa ni nyumba. Kati ya vi- na zi- miembe kumi na moja ilikuwa imeanguka.

Niwe mkweli: mwenzetu wa Kiswahili pale shuleni hakukubaliana naye. Alisema vitu vya ngeli tofauti vikipangwa pamoja, wazungumzaji wengi hupatanisha na nomino iliyo karibu, na aliyetafsiri huenda alifanya hivyo bila nia mbaya. Anaweza kuwa na haki. Mimi mwenyewe huongea hivyo. Ukichukulia hivyo, hoja yangu yote kwamba ngeli hufanya kazi ya koma ina tundu, na tundu lenyewe liko palepale ninapolitaka lisiwepo. Lakini mzee alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu, akasema, "Basi kama kwao ni sawa, waandike vilivyo. Si herufi tu?"

Hili ndilo ambalo Truss hakunifundisha, na wala mwalimu wa rula hakunifundisha. Kwa Kiingereza mzee alikuwa mgeni anayeomba tafsiri. Kwa Kiswahili alikuwa mhariri. Aliweza kuweka kidole juu ya silabi na kusema hii siitaki, nataka ile, na aliyekaa upande wa pili wa meza asingeweza kumwambia haelewi. Ninafundisha koma sasa kwa kuanzia kwenye ngeli. Naandika sentensi ya Kiingereza, nawaambia waitafsiri, na wanapofika kwenye kiambishi wanalazimika kuchagua: zi- au vi-, i- au ya-, wa- au a-. Wakikwama, hapo ndipo koma ilipotakiwa kuwa. Wengine wanaona ni kuzunguka mbuyu. Matokeo ya mitihani hayajapanda sana, nikiri.

Mzee alikwenda Jumatatu peke yake, akakataa kusindikizwa. Alirudi jioni na karatasi ileile. Zilizoongezwa ilikuwa imekatwa kwa kalamu ya bluu na juu yake pameandikwa vilivyoongezwa, na pembeni saini mbili fupi. Alikuwa mtulivu, akanywa chai, akaomba nimwelekeze mahali pazuri pa kutoa kopi.

Kabla hajaondoka alinionyesha mstari wa mwisho kabisa, chini ya nafasi ya muhuri, kwa maandishi madogo. Huo ulikuwa bado wa Kiingereza. "Na hapa wamesema nini?"

Ulikuwa unasema kwamba, ikitokea tofauti yoyote kati ya nakala ya Kiingereza na ya Kiswahili, itakayofuatwa ni ya Kiingereza. Sentensi hiyo ilikuwa na koma zake zote, kila moja mahali pake. Nikamsomea.